Tupeane uzoefu: ni nini kilichokufanya uielewe rikasheni?

Hamjambo ndugu zangu. Mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa kwanza hapa Nakuru, na tangu muhula uanze ninang'ang'ana na rikasheni, yaani funksheni (kipande cha programu ya kompyuta kinachofanya kazi fulani) inayojiita yenyewe. Hesabu yenyewe hainitatizi, kwani najua faktoria ni zao la namba zote kuanzia 1 hadi namba uliyopewa, hivyo faktoria ya 5 ni 5 mara faktoria ya 4. Kinachonishinda ni kuona namba zinasubiri wapi wakati funksheni ingali inajiita, na zinavyorudi baadaye. Mliokwisha vuka hapa, mlivukaje?

*Kutoka Kisumu:*
Pole sana, na umeuliza panapostahili kuulizwa. Kila mwito hutengewa nafasi yake katika kumbukumbu ya kompyuta, ukiwa na n yake mwenyewe, yaani namba uliyopewa, na nafasi hizo hurundikwa moja juu ya nyingine. Mimi nilichukua daftari nikaandika mstari kwa kila mwito: wa 5 unasubiri wa 4, wa 4 unasubiri wa 3, hadi wa 1, ambao hauiti tena bali unarudisha 1. Kisha nikarudi juu, nikikata mstari mmoja baada ya mwingine na kuandika jibu kando yake: 2, 6, 24, 120. Ukiliondoa sharti la kukomea, yaani hilo la kusimama kwenye 1, lugha ya programu ya Python huikatiza programu miito inapofikia takriban 1000, kiwango chake cha kawaida.

*Kutoka Kakamega:*
Naafikiana na mwenzangu kuhusu daftari, ila lina kikomo. Fibonacci ya 5 (katika mfuatano ambao kila namba ni jumla ya mbili zilizoitangulia), ikiandikwa kwa njia ya kawaida ya rikasheni, ina miito 15. Ya 30 inapita miito milioni 2.6, na hakuna kalamu itakayoifuata. Mimi nilifunguka macho nilipokuwa nikijumlisha takwimu za Kaunti ya Kisumu, yenye maeneobunge 7 na wadi 35. Funksheni ilikuwa fupi mno: ukipewa wadi, rudisha idadi yake, ukipewa eneo lililo kubwa zaidi, jiite kwa kila sehemu iliyomo, kisha ujumlishe. Sikufuatilia wadi hata moja, na funksheni ile ile ilifaa kwa nchi nzima bila kubadilishwa. Kwa hiyo anza kwa kuandika sharti la kukomea, halafu ujiulize: kama majibu ya sehemu ndogo ningekuwa nayo tayari, ningeyafanyia nini?