Naomba ushauri: mti wa mageuko ya viumbe unasomwaje?

Tawi Bichi: Wanajukwaa, habari zenu. Najiandaa kwa mtihani wa biolojia na nimekwama. Kitabuni kuna mti wa mageuko ambao ncha zake, kutoka kushoto, ni chura, mjusi, mamba na njiwa. Kwa kuwa mamba amepakana na mjusi, tena wanafanana kwa sura, nilijibu kwamba ndugu yake wa karibu ni mjusi. Kitabu kinasema ni njiwa. Nani amekosea?

Mzee wa Maabara: Kitabu hakijakosea. Undugu hausomwi kwenye ncha bali kwenye panda, yaani pale tawi moja linapogawanyika, kwa sababu kila panda huwakilisha babu ambaye koo zote zilizo juu yake zimetokana naye. Weka kidole kimoja kwenye mamba na kingine kwenye njiwa, uviteremshe kuelekea shinani mpaka vikutane. Kisha rudia kwa mamba na mjusi. Vya kwanza vitakutana mapema, kwa babu aliyeishi takribani miaka milioni 250 iliyopita, ilhali vya pili vitakutana chini zaidi. Majirani kwenye ncha hawana maana yoyote: matawi mawili ya panda moja yanaweza kubadilishana nafasi, njiwa akakaa kando ya mjusi, na mti ukabaki uleule. Kuhusu sura, magamba ni urithi wa zamani sana ambao njiwa ameubadilisha sehemu kubwa. Tazama badala yake moyo wenye vyumba vinne, ambao mamba na ndege wanao na mjusi hana.

Kipepeo: Mimi hutumia njia rahisi zaidi. Hesabu panda zilizo kati ya viumbe wawili. Zikiwa chache, hao ndio ndugu wa karibu.

Mzee wa Maabara: Samahani ndugu Kipepeo, hiyo itampotosha, ingawa kwenye mchoro wake itampa jibu sahihi kwa bahati. Mchoraji akiongeza kuku na mbuni, kati ya mamba na njiwa zitakuwapo panda tatu, na kati ya mamba na mjusi zitabaki mbili. Je, undugu umebadilika kwa sababu ya wino?

Tawi Bichi: Nashukuru sana, mzee. Basi mti mwingine unaonyesha kwamba kamongo yuko karibu zaidi na binadamu kuliko na perege. Nao ni sahihi, ingawa wote wawili ni samaki?

Mzee wa Maabara: Ni sahihi. Babu wa pamoja wa kamongo na binadamu aliishi baada ya ukoo wa perege kuwa umekwisha kujitenga; neno "samaki" hutaja umbo na maisha ya majini, wala si ukoo mmoja kamili. Ila usiandike kwenye mtihani kwamba binadamu ametokana na kamongo. Kamongo wa leo naye ni ncha, na tangu panda ile amesafiri muda uleule tuliosafiri sisi.