Ile filamu ya chupa ya soda, nyie bado mnawawekea watoto?

BabaNeema_Kihonda: Wakuu za jumapili. Jana nikasema niwawekee watoto The Gods Must Be Crazy, ile ya 1980, si mnakumbuka tulivyokuwa tunabanana kwenye kibanda cha video mpaka mkanda unakwaruza. Basi chupa inadondoka toka kwenye ndege kwa wale Wasan, wawindaji wa Kalahari, mimi nishaanza kucheka, binti yangu wa fomu tuu katulia tu, ananiuliza baba mbona huyu msimuliaji anawaelezea hao watu kama swala wa mbugani? Nikakosa jibu. Hivi nimezeeka au ile kitu haikuwa sawa toka mwanzo?

mzee_wa_karata: Acheni watoto wacheke bwana. Kesho mtasema na vichekesho vya Majuto vifungiwe

Koku_N: Mzee hakuna aliyesema ifungiwe. Jamie Uys katengeneza ile kitu Afrika Kusini wakati wa makaburu, msimuliaji anatwambia Wasan hawajui hata kama duniani kuna watu wengine, hawana polisi wala bosi. Wakati N!xau mwenyewe, yule Msan aliyeigiza kama staa, alikuwa mpishi wa shule huko Namibia, na jeshi la makaburu linawaajiri Wasan wenzake wafuate nyayo za wapiganaji wa SWAPO, wapigania uhuru wa Namibia!! Mtu analipwa mshahara na jeshi wewe unaambiwa hajawahi kuona chupa.
Ila kinachoniuma zaidi ni wale waasi wa kwenye filamu, wamechorwa kama wapigania uhuru wetu. Wako porini wanacheza karata, shabaha hawana, wanateka watoto wa shule. BabaNeema wewe si uko Moro? Pale Mazimbu ilipo SUA ndipo ilipokuwa shule ya ANC, chama kilichopigana na makaburu, toka 1978, vijana waliokimbia Soweto walisoma pale na wengine wamezikwa palepale. Sisi tumewapa ardhi, jioni tunalipa kiingilio kwenda kuwacheka.

fundi_deki: Dah dada umenitonesha. Mimi nilikuwa naionesha hiyo, hakuna mkanda uliojaza benchi kama ule, na watoto wakitoka wote wanaalisha ulimi njia nzima, huku Wahadzabe wako hapahapa Eyasi na lugha yao ina milio hiyohiyo, hatukuwaza kabisa. Lakini N!xau msimuonee huruma sana jamani, ya kwanza walimlipa kiduchu ila ya pili ya 1989 alikomaa akapewa hela ya maana akajenga nyumba ya tofali. Kafariki 2003.

mzee_wa_karata: Hilo la Mazimbu sikuwahi kuliunganisha, nakubali. Ila ile gari isiyo na breki nitaicheka mpaka naingia kaburini

BabaNeema_Kihonda: Mazimbu napita na bodaboda kila siku 🤦 Binti kashasoma majibu yenu yote, anasema ningeyajua haya jana asingeniuliza. Sasa mdogo wake analilia part tuu toka asubuhi na ipo kwenye flashi hapa