Nyumba ina mkopo wa benki na mume anataka tuachane, nifanyeje?

mama_wawili: Wapendwa naombeni msaada, nyumba yetu ya Kibaha ina mkopo wa miaka 15, tumelipa 6, hati ina jina la mume tu na sasa anasema nitoke na watoto eti sina changu. Sijaajiriwa ila tofali za nyumba ile nilizimwagilia maji mwenyewe asubuhi na jioni nikiwa na mimba ya miezi saba, huo si mchango?

babu_k: Pole mwanangu. Usitoke. Kesi ya Bi Hawa Mohamed, 1983, Mahakama ya Rufani ilishasema kazi za nyumbani ni mchango, na kifungu cha 114 cha Sheria ya Ndoa ndo kinahusu kugawana mali. Anzia baraza la usuluhishi, ila kwanza kimbilia kwa msajili wa hati ukaweke zuio asije akauza kimyakimya.

nuru_tz: Zuio sawa ila benki haisubiri talaka jamani, marejesho yakikatika wanaipiga mnada na nyote mnakosa. Mi na mzazi mwenzangu tulikubaliana nibaki kwenye nyumba nimlipe sehemu yake kidogokidogo, benki wakapima kipato changu upya ndo wakamtoa kwenye mkataba, ilichukua muda kweli. Jua deni lililobaki kabla hujadai nyumba nzima.

mama_wawili: Asanteni mno. Nakumbuka nilisaini fomu ya ridhaa ya mke pale benki, kesho naenda kuomba nakala.