MREJESHO: Kuwasha pampu na taa za home nikiwa mbali

Wakuu nimerudi. Niliuliza namna ya kuendesha Home Assistant yangu (programu ya kuendesha vifaa vya nyumbani) iliyo kwenye Raspberry Pi (kompyuta ndogo) nikiwa nje ya nyumba. Ile njia ya kufungua poti kwenye ruta ili niingie kutoka nje ilinigomea siku mbili nzima, kumbe ruta ya laini ya simu haina IP yake ya umma, iko nyuma ya CGNAT (mtandao wa simu unawapa wateja wengi IP moja ya umma kwa pamoja), hata ufungue poti mia huingii. Aliyesema niweke Tailscale (VPN, njia ya siri ya kuunganisha vifaa vyako kupitia intaneti) kwenye Pi na kwenye simu ubarikiwe sana mkuu, dakika kumi tu nikawa nawasha pampu ya maji niko ndani ya daladala 😂

Geti bado linanishinda, rimoti yake inabadilisha kodi (namba ya siri inayotuma) kila ukibonyeza, kwa hiyo kuinakili tu hakusaidii. Na umeme ukikatika ruta inazima, hapo hamna kitu, nasaka UPS ndogo (betri ya akiba).