Ushauri: Nimeitwa kulea waongofu wapya, moyo unataka ila nasitasita

Mleta mada:
Bwana asifiwe wapendwa. Nimeokoka muda sasa, ibada sikosi. Juzi mchungaji ameniomba niwalee waongofu wapya: kukaa nao kila wiki, kusoma Neno, kuwafuatilia wakilegea. Nikamjibu nitaliombea. Ukweli nilifurahi, na papo hapo nikaanza kutafuta sababu ya kukwepa. Naogopa maisha yangu kuanikwa. Nyumbani nako hawajaokoka, wataona nimezidisha. Nikisoma Luka 14, anayetaka kujenga mnara aketi kwanza ahesabu gharama. Nikirudi Luka 9, aliyeshika jembe akaangalia nyuma hafai. Sasa nihesabu au niende? Ila wa kunitisha na jehanamu, leo hapana.

Abiria wa Tarshishi:
"Nitaliombea" ndiyo hapana ya kilokole hiyo. Mjibu mchungaji wa watu.

Mama Mlezi:
Mwanangu, usimsikilize huyo, ingawa hajakosea sana. 😀

Soma 1 Wafalme 19. Elisha alikuwa analima Eliya alipomtupia vazi lake. Akaomba kwanza akawabusu baba na mama yake, na hakukemewa. Kisha akachinja ng'ombe wake, akaipika nyama kwa miti ya vyombo vya kulimia, akawalisha watu. Baada ya hapo angerudi kulima na nini? Yule wa Luka 9 naye aliomba kuaga watu wa nyumbani, Yesu akamjibu habari za jembe. Ombi ni lilelile. Mimi naona mmoja aliaga ili aondoke, mwingine aliaga huku moyo umebaki nyumbani. Kwa hiyo hesabu gharama, ila jiwekee siku ya kutoa jibu. Kuhesabu kusiko na mwisho ni kukataa kwa adabu.

Na hiyo hofu isikufanye ujione wa ajabu. Musa alitoa udhuru mpaka akaomba atumwe mwingine. Yeremia alisema yeye ni mtoto. Mathayo 28:17 inasema wanafunzi walimsujudia Yesu, lakini wengine waliona shaka, na agizo la kwenda kwa mataifa yote likatolewa papo hapo, wenye shaka wakiwemo.

Mtumishi Asiye na Cheo:
Mama umenena, ila naongeza jambo. Tusichanganye wito wa Kristo na zamu za kanisani. Mtu anaweza kukataa kazi fulani aliyopewa na mchungaji na bado akawa mwanafunzi wa kweli. Mtoa mada, jiulize: ungeombwa kupanga viti ungesita hivi? Kama jibu ni hapana, unachoogopa si kazi, ni kujulikana. Hapo kukwepa hakutakusaidia, maana kujulikana ni sehemu ya kumfuata Yesu.

Abiria wa Tarshishi:
Na yule mwana wa Mathayo 21 aliyesema "sitaki", baadaye akatubu akaenda shambani? Bora huyo kuliko aliyeitika "naenda" asiende.

Mleta mada:
Swali la viti limenipata pabaya. Jumapili nitamwomba mchungaji nianze na mtu mmoja, tena nikae chini ya mlezi mzoefu. Nyumbani bado sijui nitaanzia wapi.

Mama Mlezi:
Waambie wewe mwenyewe kabla hawajasikia kwa majirani. Na ile siku ya darasa, kazi zako za nyumbani zimalize ndipo utoke.