Mjadala: Kususia ofa za sikukuu ni busara, au ni anasa ya wenye nacho?

Mleta mada

Wakuu, habari za majukumu. Msimu wa ofa ukifika, simu hailali. Mimi safari hii nimeamua kususia: sinunui kitu kwa sababu kina bango la punguzo. Naweka hoja zangu mzichambue. Anayepinga apinge kwa hoja, matusi hapana.

Msimu huu haukushuka kutoka mbinguni. Mwaka 1939 Rais Franklin Roosevelt wa Marekani aliamua Siku ya Shukrani (Thanksgiving), sikukuu ambayo baada yake ndipo manunuzi ya Krismasi huanza, iadhimishwe wiki moja mapema, maana wafanyabiashara walihofia kwamba siku za kuuza kabla ya Krismasi zingekuwa chache mno. Baadhi ya majimbo yakagoma, ikawa huku wanasherehekea wiki hii, kule wiki ijayo. Mwaka 1941 Kongresi ikaiweka sikukuu hiyo Alhamisi ya nne ya Novemba. Jina la Black Friday, yaani Ijumaa ya ofa inayofuata sikukuu hiyo, nalo lilisambazwa na polisi wa mji wa Philadelphia waliochoshwa na foleni za siku hiyo. Wenye maduka hawakulipenda, wakaja kulitafutia maana ya faida baadaye.

Sasa tuje kwenye bei, maana hapo ndipo watu wanapigwa. Bango likisema punguzo la asilimia 40, ni asilimia 40 ya bei ipi? Muuzaji akipandisha bei Oktoba na kuishusha Novemba, bango halijadanganya na wewe umeshaliwa. Umoja wa Ulaya ulilibana hilo: tangu Mei 2022, sheria yake inamtaka anayetangaza punguzo aonyeshe bei ya chini kabisa aliyouzia ndani ya siku 30 zilizotangulia. Septemba 2024 Mahakama ya Haki ya Umoja huo ikaongeza kwamba hata asilimia yenyewe lazima ipigwe kutoka bei hiyo. Kama mchezo huo haupo, sheria ilitungwa ya nini?

Halafu kuna ile saa inayohesabu dakika, na "zimebaki mbili tu". Vyote hivyo vimewekwa ili usilale na wazo lako ukaamka nalo asubuhi.

Kisebusebu

Mkuu, unaongea kama mtu ambaye friji tayari anayo. Kuna mzazi anadunduliza mwaka mzima akisubiri bei ishuke anunue kitanda cha mtoto. Naye asusie? Hiyo Siku ya Kutonunua Kitu iliyoanzia Kanada mwaka 1992 ni ya watu wenye makabati yaliyojaa. Wanagoma leo, kesho wako dukani. Tena kampuni zimeshajifunza kuuza hata huo mgomo: Black Friday ya mwaka 2011, kampuni ya nguo ya Patagonia ilitoa tangazo kwenye gazeti la New York Times la kuwaambia watu wasinunue koti lake. Jina la kampuni likabaki vichwani mwa watu. Tangazo ni tangazo.

Mama Duka

Mimi nauza. Katikati ya mwaka biashara inasuasua, msimu ndio unaolipa pango na mishahara. Mkisusia wote, wa kwanza kupunguzwa ni kijana wa stoo, tajiri mwenye kiwanda hatahisi kitu. Mwaka 2020 kampuni za nguo za Ulaya na Marekani zilipofuta oda kwa sababu ya korona, si tuliona wafanyakazi wa viwanda vya Bangladesh wakirudishwa nyumbani? Kabla ya kujipongeza kwa kutonunua, angalia nani anakosa ujira.

Mleta mada

Mama Duka, hoja yako ndiyo nzito kuliko zote humu, sitaipita juujuu. Lakini ajira inayosimama juu ya wiki chache ndiyo hiyo hiyo inayomwachisha kijana Januari. Na msimu wenyewe una gharama kwa wafanyakazi: Black Friday ya mwaka 2008, jimbo la New York, mfanyakazi wa duka kubwa la Walmart alikanyagwa na umati hadi akafa, alfajiri milango ilipofunguliwa. Wauzaji wa vifaa vya matembezi, REI, walifunga maduka yao Black Friday ya mwaka 2015 na wafanyakazi wakalipwa, kwa hiyo inawezekana. Mimi sijasema sitanunua kwako. Nitakuja Machi, nilipe bei kamili. Hilo nalo ni hasara kwako?

Kisebusebu, mzazi wa kitanda simgusi. Yeye alijua anachotaka kabla ya bango kutundikwa. Ninayemsema ni yule ambaye bango ndilo lililomkumbusha kuwa ana shida.

Mama Duka

Machi njoo kweli. Wengi husema hivyo.

Jicho la Tatu

Mmesahau mikopo. Siku hizi ofa inakuja na "chukua sasa, lipa baadaye". Ukichelewesha marejesho mara moja tu, faini inaweza kumeza punguzo lote.

Ila swali langu kwa mleta mada ni zawadi. Kujinyima mwenyewe ni kazi ndogo. Mwaka 1993 mchumi Joel Waldfogel alipiga hesabu akaona kuwa zawadi hupoteza kati ya asilimia 10 na theluthi ya thamani yake, kwa kuwa anayepewa huiona haifikii bei iliyonunuliwa. Sasa nenda kamweleze mama mkwe hesabu hiyo, kisha urudi utupe mrejesho.