Naomba ushauri, dodoso au mahojiano?

Wakuu habari za jioni, naombeni msaada nimekwama. Niko mwaka wa tatu chuo, tafiti yangu ni kwa nini bodaboda wa Morogoro helmeti wanazo ila wanazitundika tu kwenye usukani. Andiko langu lilikuwa la kitakwimu, madereva 400 wa vijiwe nilivyochagua, nikapiga fomula ya Yamane (ile ya kukokotoa ukubwa wa sampuli) kwa kosa la 5% ikatoka sampuli 200, dodoso nikachapa kabisa (hela imeenda hiyo). Sasa kujaribisha kwa watu 12, wote wanatiki "navaa kila safari" na huku helmeti iko kwenye usukani naiona kwa macho! Nilipokaa nao kupiga stori ndo wakafunguka, mara jasho, mara abiria wanaogopa mba. Msimamizi anasema basi hamia kwenye utafiti wa kimaelezo, fanya mahojiano.

Swali, huko Yamane haitumiki, nikiulizwa kwanini nimehoji watu kama 15 tu najiteteaje, nikisema niliishia pale majibu yalipoanza kujirudia inatosha? Na je naweza kuchanganya, dodoso zihesabu, mahojiano yaeleze sababu, au kwa wiki tano nilizobaki nazo najitafutia balaa?